Kuachwa, Kuachana na Kudai Talaka: Uhakiki wa Lugha ya Ndoa Mbele ya Sheria

Watu waandikao juu ya haki za wanawake katika nchi zisemazo Kiswahili wamezoea kuanza na sarufi. Husema kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mwanamume huacha na mwanamke huachwa. Kwa jozi hizo mbili za vitenzi hudai kwamba lugha yenyewe imemweka mwanamke mahali pa kutendwa, na kwamba sheria yo yote itakayoandikwa kwa lugha hiyo itamkuta amekwisha kushindwa kabla hajafungua kinywa chake. Hoja hii imerudiwa mara nyingi hata imekuwa kama methali. Yafaa ipimwe. Ikiwa ni ya kweli, kazi ya wanasheria ni bure mpaka lugha ibadilike. Na ikiwa si ya kweli, basi inawageuza wasomaji macho wasipaone mahali hasa ambapo haki ya mwanamke hupotea.

Hoja ina sehemu yake ya kweli. Katika usemi wa kila siku hasikiki mwanamke "aliyeoa", ila kwa mzaha au kwa dhihaka anayotupiwa mumewe. Wala si kawaida kusema kwamba mke amemwacha mume kwa maana ya kuvunja ndoa. Likisemwa neno hilo, hufahamika kwamba amehama nyumba, si kwamba ndoa imekwisha. Lakini kutoka hapo mpaka kusema kwamba kauli ya kutendwa ni kauli ya unyonge ni mruko mkubwa. Mfalme hutawazwa, wala enzi yake haipungui kwa sababu wengine ndio wamtawazao. Mgeni hukaribishwa, wala hakuna amhesabuye kuwa mnyonge. Kauli ya kutendwa husema jambo moja tu: kwamba mtenda yupo, na kwamba mahali pake ni nyuma ya kitenzi, baada ya neno "na". Tena lugha hii haikumnyima mwanamke vitenzi ambavyo yeye ndiye mtenda: hudai talaka, huomba talaka, hushtaki, hujikomboa, na huko Unguja hununua talaka. Msamiati upo. Swali ni kauli ipi itumiwayo, mahali gani, na mbele ya nani.

Jaribio lililo bora ni kuifuata habari ya mwanamke aliyepigwa, tangu nyumbani mpaka barazani. Jirani wa kwanza kuulizwa atasema, "Wamegombana." Shangazi atasema, "Wamekosana kidogo." Mjumbe wa mtaa ataandika kwamba kuna ugomvi wa mume na mke. Na mwanamke mwenyewe, akiulizwa mbele ya wazee, ataanza na, "Tuligombana." Maneno hayo yote ni ya kauli ya kutendana, nayo kauli hiyo ina tabia moja isiyoweza kuvuliwa: hufanya watenda wawili walio sawa. Katika "walipigana" hakuna aliyepiga wala aliyepigwa. Kuna wawili, na kila mmoja ana sehemu yake ya kosa. Msikilizaji asiyekuwapo hawezi kujua kwamba mmoja alikuwa na fimbo na mwingine alikuwa na mtoto mgongoni.

Hospitalini husikika kauli nyingine, ya kutendeka: "mkono umevunjika". Hapo mtenda ametoweka kabisa, na mfupa umejivunja kama tawi kavu. Lugha ya adabu imefanya kazi yake vizuri: imeisitiri nyumba. Lakini sheria hutaka mambo matatu, nayo ni aliyetenda, aliyetendwa, na tendo. Katika kauli zote tulizo nazo, ni moja tu iwezayo kuyabeba yote matatu katika pumzi moja huku ikimweka mwanamke mbele ya habari yake mwenyewe, nayo ni ile inayolaumiwa: "Nimepigwa na mume wangu." Basi kauli ya kutendwa, ambayo wahakiki wameishtaki kwa miaka mingi, ndiyo shahidi mwaminifu wa mwanamke. Adui yake ni kauli ya kutendana, ambayo hakuna aliyeishuku kwa kuwa sura yake ni ya usawa.

Kwa nini basi mwanamke huichagua kauli imdhuruyo? Jibu halimo katika sarufi bali katika adabu ya kusema. Siri ya nyumba ni amana, na mwenye kuitoa huonekana amejivua nguo mbele za watu. Wahakiki wengi huutaja hapa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, kwa ajili ya binti yake. Nao huuhukumu kuwa ndio chemchemi ya unyamavu wa wanawake wa pwani. Hukumu hiyo yastahili kurekebishwa. Utendi ule ni wasia wa mama mgonjwa aliyejua kwamba siku zake si nyingi. Una beti zaidi ya 100, na ndani yake mna dini, adabu ya ulimi, hisani kwa maskini, na dua ndefu ya mtunzi kwa nafsi yake na watoto wake. Alice Werner na William Hichens walipoutoa mwaka 1934 waliupa jina lililotaja wajibu wa mke peke yake, na tangu hapo wasomaji wengi wamesoma jina kuliko utendi. Ni kweli kwamba Mwana Kupona amfundisha bintiye kumridhi mumewe, na kwamba radhi ya mume imehesabiwa pamoja na radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama. Lakini mume aliyemo katika utendi ule ni mume anayeridhika. Mama hakuandika neno la nini kifanyike ikiwa mume haridhiki ila kwa kupiga. Kosa si lake. Ni la wale walioufanya wasia wa mtu mmoja kwa mwanawe kuwa kanuni ya wanawake wote katika hali zote.

Kitabu kilichotazama jambo hili kwa macho ya mtaalamu wa lugha ni kile cha Susan F. Hirsch, Pronouncing and Persevering, kilichopigwa chapa Chicago mwaka 1998. Mwandishi alihudhuria mahakama za makadhi katika pwani ya Kenya katika miaka ya 1980, akanakili maneno ya wadai na wadaiwa kwa Kiswahili chao wenyewe. Aliyoyaona yanapinga dhana ya kawaida: wanawake ndio waliofika kwa wingi kudai, na mara nyingi walipata walichokidai, ingawa kwa kufanya hivyo walivunja ile adabu ya kuficha mambo ya nyumbani. Walisimulia, na usimulizi wao ulikuwa na nguvu. Hiyo ni kazi kubwa, nayo imewafundisha wasomaji wa lugha kwamba mahakama ya kadhi si mahali ambapo mwanamke hunyamazishwa kwa desturi.

Walakini jina la kitabu laacha mashaka. Limejengwa juu ya vitenzi viwili, kimoja cha mwanamume atamkaye talaka, kingine cha mwanamke avumiliaye. Na neno la Kiingereza lililochaguliwa kwa kuvumilia lina maana ya kuendelea na juhudi mpaka kufikia lengo. Kuvumilia hakuna lengo. Ni kubeba mzigo bila kusema ni mzito. Tena neno hilo lina kazi nyingine ambayo tafsiri hiyo haiwezi kuichukua. Mwanamke asimamaye mbele ya kadhi akasema, "Nimevumilia miaka sita," haelezi tabia yake. Anahesabu. Anatoa ushahidi kwamba madhara hayakuanza jana, kwamba hakukimbilia mahakamani kwa hasira ya usiku mmoja, na kwamba subira iliyotakiwa kwake ameilipa yote. Katika wakati uliotimia, kuvumilia hugeuka kuwa kitenzi cha mashtaka. Msikilizaji asiyelijua hilo atasikia unyonge mahali ambapo pana madai.

Kutoka kwa kadhi yafaa kwenda kwenye sheria iliyotungwa na Bunge. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1971, ilitangulia nyingi za namna yake. Iliziweka ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za serikali na za mila chini ya paa moja katika Tanzania Bara. Unguja na Pemba hazikuwamo. Iliondoa hoja kwamba mume peke yake ndiye mwenye ufunguo wa mlango wa kutokea, kwa kuwa mume na mke wote wawili waweza kuiomba mahakama itangaze kwamba ndoa imevunjika pasipo kurekebishika. Na katika kifungu cha 66 ilitangaza kwamba, ijapokuwa iko mila isemayo vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzake wa ndoa adhabu ya kupigwa.

Kifungu hicho husifiwa, na chastahili sifa, kwa maana katika mwaka huo palikuwa na nchi nyingi zilizokuwa kimya. Lakini maneno yake yakisomwa kwa makini huonyesha ufa. Neno adhabu halisimami peke yake. Adhabu hutaka kosa lililotangulia na mkubwa mwenye kuadhibu. Mwalimu huadhibu, hakimu huadhibu, mzazi huadhibu. Kusema kwamba mume hana haki ya kumwadhibu mkewe kwa kumpiga ni kumnyang'anya fimbo na kumwachia kiti. Kipigo kimekatazwa, lakini kimekatazwa kwa jina alilolipa mpigaji. Aliyelewa akarudi usiku akavunja mlango hakuwa akimwadhibu mtu. Tena kifungu hicho hakikutaja malipo ya mwenye kukivunja. Mpigwa hana budi kwenda kwenye Kanuni ya Adhabu, na huko jina la tendo ni jingine kabisa, ni shambulio. Mwanamke asiyejua kwamba "ugomvi" wake una jina la shambulio hawezi kuuliza mlango wake uko wapi.

Ufa wa pili uko mlangoni. Kabla ya kufika mahakamani na maombi ya talaka, sheria yamtaka mwombaji apeleke shauri mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo baraza likishindwa kuwapatanisha litoe hati ya kwamba limeshindwa. Jina la baraza hutangaza hukumu kabla ya shauri. Suluhu ni baina ya wagombanao, nao wagombanao, kama ilivyoonyeshwa, ni watenda wawili walio sawa. Mwanamke aliyepigwa aingiapo katika nyumba yenye jina hilo huambiwa tangu kizingitini kwamba linalotazamiwa kwake ni kupatana, na kwamba hati anayoihitaji itaitwa hati ya kushindwa. Wazee wa baraza nao, wengi wao wakiwa watu wema, hujiona wameshinda pale mwanamke arudipo nyumbani. Hayo si maovu ya watu; ni mantiki ya neno.

Sheria iliweka misamaha kadhaa ambayo kwayo mwombaji aweza kwenda mahakamani bila kupitia baraza. Mmoja wa misamaha hiyo ni pale mahakama iridhikapo kwamba pana hali isiyo ya kawaida ifanyayo jambo hilo lisifae. Hapa ndipo maisha ya mtu yawezapo kutegemea kivumishi kimoja. Mwanamke anayetishwa kuuawa akirudi mbele ya mumewe ndiye hasa ambaye msamaha huo ungemfaa. Lakini katika usemi wa mtaani, kupigwa huitwa "mambo ya kawaida ya ndoa". Basi sheria ikitafsiriwa hivyo, neno lile lile lililomfungulia mlango kwa Kiingereza laweza kumfungia kwa Kiswahili, kwa kuwa hali yake itahesabiwa kuwa ya kawaida kwa sababu ni ya watu wengi. Mtafsiri mwangalifu hataandika "isiyo ya kawaida". Ataandika "hali ya pekee au ya hatari", na kwa neno hilo moja atakuwa amefanya kazi ambayo mawakili kumi hawataifanya.

Ufa wa tatu ni neno ukatili. Miongoni mwa mambo ambayo mahakama yaweza kuyapokea kuwa dalili za ndoa kuvunjika ni ukatili, uwe wa mwili au wa akili, alioutenda mdaiwa juu ya mwombaji au watoto. Katika Kiswahili cha watu, ukatili ni neno la damu. Katili ni mwuaji, ni mtesaji wa wanyama, ni askari wa vitani. Mwanamke anayefungiwa nje usiku, anayenyimwa fedha ya chakula, anayetukanwa mbele ya watoto wake, anayezuiwa kwenda kumzika mamaye, akiulizwa kama mumewe ni katili aghalabu atajibu kwamba siye. Ulizwa ulivyokuwa, jibu lilikuwa la kweli. Ila swali lilikuwa la uongo. Kwa mambo hayo ana maneno mengine: ananionea, ananitesa, ananidhalilisha, ananinyanyasa, hanitunzi. Kila moja lina uzito wake, wala hayawezi kubadilishana. Kuonea ni kwa mwenye nguvu juu ya asiye nazo. Kudhalilisha hutaka watu wanaotazama. Kutotunza ni kuacha kutenda, na kwa hiyo halina jeraha la kuonyesha. Sheria ya Kenya ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, ya mwaka 2015, ilikwepa mtego huu kwa kuorodhesha: ilitaja, pamoja na madhara ya mwili, madhara ya moyo na ya maneno, ya mali, na ya kumwandama mtu. Orodha hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, lakini njia yake ndiyo iwafaayo waandishi wa kamusi za sheria: si kutafuta neno moja kubwa, bali kuyapa maneno madogo ya watu cheo cha sheria.

Neno la nne ni talaka lenyewe. Neno hili moja lachukua mizigo miwili. Kwanza ni tamko la mume, kwa mdomo au kwa karatasi. Pili ni amri ya mahakama. Kwa Tanzania Bara, tangu mwaka 1971, mambo haya mawili si kitu kimoja. Tamko la mume katika ndoa ya Kiislamu halikupuuzwa na sheria. Likifuata baada ya baraza kushindwa kupatanisha, mahakama hulipokea kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Lakini amri ni ya mahakama, na uwezo wa mahakama kugawa mali iliyochumwa pamoja, chini ya kifungu cha 114, hufuatana na amri hiyo. Mwanamke aliyepewa karatasi akaambiwa "hiyo ndiyo talaka yako" hufunga mzigo wake na kuondoka, akidhani kwamba mambo yamekwisha. Hajui kwamba neno alilopewa ni la kwanza, na kwamba haki yake imefungwa katika neno la pili lenye jina lile lile. Ingefaa waandishi wa sheria waliweke neno talaka kwa tamko, na kwa amri ya mahakama watumie "amri ya kuvunja ndoa" pasipo kuchanganya. Wanazuoni wa Kiislamu hawatakuwa na sababu ya kulalamika, maana tofauti hiyo wao wameijua tangu zamani: talaka ni moja, khuluu ni nyingine, na faskhi ni nyingine.

Kwa Unguja hasa tofauti hiyo ya mwisho si ya kitabuni tu. Katika khuluu mke hutoa kitu, aghalabu mahari aliyopewa, ili aachiliwe. Katika faskhi kadhi ndiye avunjaye ndoa kwa sababu iliyothibitishwa, kama kukosa matunzo, wala mke hatakiwi kulipa. Erin Stiles, aliyesoma kazi za mahakama ya kadhi huko Unguja na kutoa kitabu chake mwaka 2009, ameonyesha jinsi watu waiitavyo khuluu kuwa ni kununua talaka. Neno hilo ni zuri kwa uwazi wake, lakini lina hatari yake. Kununua ni kitenzi kilaini. Kila mtu akijua. Likienea likawa jina la kila talaka iliyoanzwa na mke, basi mwanamke ambaye kwa haki alistahili faskhi atafika mahakamani akiuliza bei. Ataulizwa ana shilingi ngapi, badala ya kuulizwa ametendwa nini. Tena aliyemnyima matunzo ndiye atakayelipwa. Hapa upungufu si wa dini wala wa sheria, bali wa jina: khuluu imepata jina la Kiswahili linalotembea kwa miguu yake, na faskhi haijapata.

Mfano mmoja waonyesha jinsi tafsiri ya maneno machache iwezavyo kubadili hali ya watu wengi. Sheria ya 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja za mume na mke. Kwa miaka 12 majaji walibishana: je, mwanamke aliyepika, aliyefua, aliyelea, naye hakutoa fedha ya kununua nyumba, ana juhudi katika nyumba hiyo? Waliosema hapana walimhesabu kuwa mke tu, atoshekaye na kitoka nyumba. Neno hilo la pwani lastahili kutazamwa. Lamtaja mwanamke kama mtu atokaye katika nyumba. Halimtaji kama mtu mwenye fungu ndani ya nyumba. Ni hisani ya kumfariji msafiri. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani, katika hukumu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikata mzozo huo: kazi za nyumbani ni juhudi, na juhudi hizo ni mchango katika kupata mali. Hukumu hiyo imekuwa nguzo tangu hapo.

Lakini wengi waitajao hukumu hiyo hawataji mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama ilikubali kanuni, kisha ikaona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitumia kwa mambo yake. Kwa hiyo mchango wake ulihesabiwa kuwa umekwisha kufidiwa, na rufani ikatupwa. Kanuni ilishinda, mwenye shauri akashindwa. Mhakiki wa lugha ataona humo jambo moja zaidi. Maadam neno lililotawala shauri lilikuwa mchango, hesabu ilikuwa lazima ifuate, kwa maana mchango ni kitu cha daftari: huandikwa, hujumlishwa, hutolewa. Wanawake wenyewe hawatumii neno hilo. Husema, "Nimechuma naye." Kuchuma ni neno la shambani. Lasema kwamba wawili walikuwako wakati wa mavuno, wala halimwulizi kila mmoja alichuma matunda mangapi. Mahakama za mwanzo, ambazo kazi yake huenda kwa Kiswahili, zimelijua neno hilo sikuzote. Lilipotea njiani, shauri lilipopanda ngazi na kuvikwa Kiingereza.

Kupotea huko njiani ndiko kiini cha jambo. Kwa muda mrefu shauri la ndoa lilianza kwa Kiswahili cha mwanamke, likaandikwa kwa Kiswahili cha karani, likapanda kwa Kiingereza cha jaji, kisha likarudi chini kama amri ambayo mwenyewe alihitaji kutafsiriwa. Mwaka 1965, katika jarida la Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, A. B. Weston alijadili matatizo ya kuieleza sheria kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mlango uliobishwa kwa zaidi ya nusu karne ulifunguliwa. Hatari iliyopo ni kwamba utajazwa haraka na maneno yaliyotafsiriwa moja kwa moja kutoka Kiingereza: ukatili kwa kila dhuluma, mchango kwa kila jasho, hali isiyo ya kawaida kwa kila hatari. Sheria itakuwa ya Kiswahili kwa mavazi, na mwanamke atabaki mgeni ndani yake kama alivyokuwa.

Wako watu ambao tayari hufanya kazi ya daraja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, watu wasio mawakili waliofundishwa kuwaongoza wananchi, nao hukaa karibu na mahali ambapo maneno huzaliwa. Msaidizi mzuri ndiye anayemsikia mwanamke akisema "tuligombana" na kumwuliza kwa upole, "Nani alimpiga nani?" Swali hilo fupi laitoa habari kutoka kauli ya kutendana na kuitia katika kauli ya kutendwa, na kwa kufanya hivyo laitoa kutoka ugomvi na kuitia katika sheria. Hakuna chuo cha sarufi kilichomfundisha hilo. Amelijua kwa kuona mashauri yakianguka. Ingefaa wataalamu wa lugha wakae na watu hao, wakusanye maneno yao, wayapange na kuyapima, kabla ya kuketi mezani na kamusi za kigeni.

Basi madai kwamba Kiswahili kimemfunga mwanamke kwa kuolewa na kuachwa hayasimami. Lugha ilimpa neno la kusema ametendwa nini na nani, ikampa neno la kuhesabu miaka ya subira yake, ikampa na neno la mavuno aliyoyachuma pamoja na mwenzake. Yaliyomfunga ni mengine: adabu iliyomtaka aseme "tuligombana", baraza lililoitwa kwa jina la suluhu, na watafsiri waliomsikiliza bila kumsikia. Mambo hayo yote matatu yarekebishika, na la tatu ni juu ya wasomi wa lugha wenyewe. Mwanamke atakayesimama kesho mbele ya hakimu atasema kwa Kiswahili. Hakimu atamjibu kwa Kiswahili. Itakuwa aibu kubwa ikiwa hata hapo hawatasikilizana.